Tangazo kwa Kiswahili, Masharti kwa Kiingereza

Nilikwenda Junju kwa hitima, wala sikwenda kutafuta habari ya kuandika. Shangazi yangu aliolewa huko zamani, na mumewe alipofariki ikatubidi sisi watu wa Mombasa tujikusanye, tupande matatu ya Kilifi, tushuke Vipingo, kisha tuchukue bodaboda kuingia ndani kwenye minazi na mikorosho. Hitima ikasomwa, pilau ikaliwa, na baada ya alasiri nikajikuta nimeketi mbele ya duka la jirani nikingoja jua lipunguze ukali. Hapo ndipo aliponijia bibi mmoja, umri wake sawa na wa mama yangu, ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mwanangu, wewe naona umesoma," akaniambia. "Hebu nisomee hapa pamesemwaje."

Nikaikunjua. Karatasi ile naijua. Upande wake wa kwanza niliuandika mimi.

Yafaa nijieleze. Kazi inayonipa riziki ni kufasiri. Makampuni yenye ofisi Nairobi huleta matangazo yao yakiwa tayari kwa Kiingereza, nami huyatia katika Kiswahili ili yabandikwe madukani au yasomwe redioni. Nimefasiri sabuni, nimefasiri mbolea, nimefasiri dawa ya mbu. Katika miaka ya karibuni kazi iliyozidi zote ni ya mikopo ya simu. Karatasi aliyoishika bibi yule ilikuwa ya kampuni moja ya mikopo ambayo sitaitaja, wala si mojawapo ya zile nitakazozitaja hapa chini. Walinipa kurasa mbili. Ya mbele ilikuwa na picha ya mama anayecheka na maneno makubwa. Ya nyuma ilikuwa masharti, maandishi madogo kama punje za mtama. Nikawapa bei ya kurasa zote mbili. Wakanijibu kwamba ya mbele inatosha, kwani ya nyuma ni mambo ya mawakili. Nikafasiri ya mbele, nikalipwa, nikasahau.

Sasa sikilizeni yaliyompata bibi. Alikopa shilingi 2,000 tarehe 28 Mei, ajazie karo ya mjukuu. Mimi katika ukurasa wangu nilikuwa nimeandika kwamba mkopo hulipwa "ndani ya mwezi mmoja". Yeye akahesabu kama wahesabuvyo watu: Mei imekwisha, mwezi mmoja ni Juni, basi Juni ikiisha nitalipa. Tarehe 30 Juni akazipeleka pesa kwa ajenti, ametulia, anajiona mtu wa ahadi. Kumbe nyuma ya karatasi, kwa Kiingereza, imeandikwa siku 30. Siku 30 zilikwisha tarehe 27. Siku tatu zile alikuwa amechelewa, na kuchelewa kuna faini. Meseji za kumwonya zilikuja, nazo kwa Kiingereza. Bibi alidhani anashukuriwa. Ilikuwa mjukuu aliyerudi shule ndiye aliyemwambia kwamba wanatishia kulipeleka jina lake kwenye zile ofisi za kumbukumbu za wakopaji ambazo watu wanaziita CRB.

Faini yenyewe haikuwa kubwa. Lililomuuma ni kuitwa mtu asiyelipa.

Nimelifikiri sana jambo hili tangu siku ile, na naona kisa cha bibi ni dirisha tu la jambo kubwa zaidi. Kenya ni nchi ya lugha zaidi ya 60. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na ikaitaka serikali ikuze lugha nyinginezo za wananchi. Hayo ni ya serikali. Mfanyabiashara yeye hana katiba ya lugha, ana hesabu. Hujiuliza: nikisema kwa lugha hii nitawapata wangapi, na itanigharimu kiasi gani? Kwa hesabu hiyo Kiswahili ndicho chenye faida, kwa kuwa kinasikika Lodwar na kinasikika Lamu.

Na kwa hakika wamekitumia kwa ustadi. Tazama majina. M-Pesa ilianza Machi 2007, na sehemu ya pili ya jina lake ni neno ambalo wazee wetu walilipokea kutoka kwa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Ukiishiwa na muda wa maongezi, Safaricom hukukopesha kwa jina la Okoa Jahazi. Novemba 2012 ikaja M-Shwari. Januari 2019 ikaja Fuliza, ya kutoa pesa kuliko zile ulizo nazo. Jahazi, shwari, kufuliza: haya ni maneno ya watu wa pwani na vyombo vyao. Mtu wa Nyeri ambaye hajawahi kuona tanga likitwekwa anaokoa jahazi kila jioni, na mtu wa Kitale anasema shwari kabla hajalala. Mimi kama mtu wa pwani nilifurahi, sikatai. Nilijiona kana kwamba lugha ya babu zangu imepewa kiti cha mbele.

Furaha hiyo ndiyo iliyonifanya nisiulize mapema kile ambacho bibi wa Junju alinifundisha kuuliza: jina limesemwa kwa Kiswahili, je, na deni lenyewe limesemwa kwa lugha gani?

Chukua neno moja tu, ada. Mkopo wa M-Shwari, kwa mfano, ulitangazwa kuwa hauna riba bali una ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Fuliza ina ada ya kuanzia na ada ya kila siku deni linapobaki. Mimi mwenyewe nimeliandika neno hili mara nyingi mno katika kazi za makampuni mbalimbali, kwa kuwa Kiingereza chao husema malipo ya huduma na mfasiri hutafuta neno fupi. Lakini ada kwetu ni nini? Ni kile anachotoa bwana arusi mlangoni ili afunguliwe, ni haki ya somo, ni kifunga mkono cha kungwi. Ada ni mali inayotolewa kwa mila na kupokewa kwa vigelegele. Hakuna mtu wa pwani anayeisikia ada akaogopa. Riba, kwa upande mwingine, ni neno ambalo mtoto wa chuoni hulijua kabla hajamaliza juzuu ya kwanza, na akilisikia hushtuka. Basi mfasiri anapochagua kati ya maneno haya mawili hachagui neno tu. Anachagua kama msomaji wake ashtuke au asishtuke. Na kampuni inapenda asishtuke.

Sisemi kwamba kila ada ni riba. Hilo ni la masheikh, nao wana maneno yao juu yake. Ninasema kwamba mtu hawezi kwenda kumuuliza sheikh juu ya jambo ambalo hakuelezwa. Wapo walioliona pengo hili. Benki mbili za kufuata sharia zilifunguliwa Kenya mwaka 2008, First Community Bank na Gulf African Bank, na mwaka 2023 Safaricom na Gulf African wakatoa Halal Pesa. Ni jambo jema. Ila neno halali nalo linauza, tena huku kwetu linauza kuliko picha ya mama anayecheka, na mtu akishaliona mbele hageuzi ukurasa wa nyuma. Kwa hiyo yule anayelitumia ana wajibu mkubwa zaidi wa kuusema ukurasa wa nyuma kwa lugha ya mnunuzi.

Na lugha ya mnunuzi wa Junju ni ipi? Hapa makampuni ya Nairobi hukosea, na sisi watu wa mijini pwani tunakosea pamoja nao. Tunasema: wale ni watu wa pwani, Kiswahili ni chao. Junju ni nchi ya Wachonyi na Wagiriama zaidi, pamoja na Waswahili wachache na watu wa bara walioletwa na kazi ya mashamba ya mkonge ya Vipingo wakabaki wakaoa. Kiswahili kinajulikana na kila mtu sokoni. Lakini kujua lugha ya sokoni na kujua lugha ya mkataba ni mambo mawili. Maji kwao ni madzi, mji ni mudzi. Ukaribu huo hutudanganya tudhani kwamba mwenye kuelewa maji ataelewa pia dhamana na marejesho. Kimijikenda kina jina lake la kumwita Mswahili: mudzomba, yaani mjomba. Ni jina la heshima na la ujamaa. Na mjomba, wasomaji wanajua, ni mtu ambaye mpwa wake hamuulizi maswali mengi. Akisema lete, mpwa huleta. Tangazo linapokuja Junju kwa lugha ya mjomba, huaminiwa kwa imani hiyo hiyo.

Katika sensa ya 2019 Wamijikenda walihesabiwa 2,488,691. Si watu wachache. Ni zaidi ya wakazi wote wa kaunti ya Kilifi, waliokuwa 1,453,787. Redio zinazosema kwa lugha yao zipo, kama Radio Kaya na Msenangu FM, na ukizisikiliza asubuhi moja utasikia jinsi mtangazaji anavyozungumza kwa Kimijikenda kwa uchangamfu, kisha likaingia tangazo la biashara kwa Kiswahili cha Nairobi kilichonyooka kama rula. Vituo vya lugha za makabila vilianza kuwa biashara kubwa nchini tangu Kameme FM ya Kikuyu mwaka 2000, na wenye fedha walijifunza haraka kwamba mtu hucheka kwa lugha ya mama yake. Huku kwetu somo hilo limeishia kwenye vichekesho na muziki.

Wafanyabiashara wa zamani walikuwa na akili nyingine. Tazama leso. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo leso zake huitwa Mali ya Abdulla, lilianza mwaka 1887. Leso haiuzwi kwa rangi peke yake. Huuzwa kwa jina lake, ule msemo ulioandikwa chini, na leso nzuri yenye jina baya hukaa dukani mpaka ikaliwa na mende. Zamani majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu hizo ndizo wanunuzi walizozisoma. Wanunuzi walipoanza kusoma herufi za Kirumi, majina nayo yakageuka. Mwenye duka akamfuata mnunuzi, si mnunuzi akamfuata mwenye duka. Na mwanamke anaponunua leso husoma kila kilichoandikwa, au husomewa, kisha ndipo akaamua. Leso haina ukurasa wa nyuma.

Nikiwa mtoto nililiona gari la sinema la kampuni moja ya sabuni likifika vijijini. Walitundika shuka jeupe, wakaonyesha picha za kuchekesha, kisha akasimama bwana mmoja na kipaza sauti. Husema sentensi moja kwa Kiswahili, akaigeuza kwa Kigiriama, akamtania mzee aliyekaa mbele, akaigeuza tena kwa njia ya tatu. Sabuni iliuzwa usiku ule ule. Na mtu akitaka kujua bei ya mche alijibiwa hapo hapo kwa lugha yake. Bwana yule hakuwa na shahada ya kufasiri, lakini alijua jambo ambalo mimi na makampuni yangu tumelisahau, kwamba anayeuziwa ana haki ya kuuliza.

Watasema wengine: ni shida kubwa, lugha ni nyingi, nani atafasiri masharti kwa Kichonyi? Jibu liko Junju yenyewe. Taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na Wellcome imekuwa Kilifi tangu 1989. Mwaka 2005 ilijaribu chanjo ya malaria kwa watoto wa Junju. Chanjo ile haikufaulu kuwakinga. Mwaka 2007 chanjo nyingine, RTS,S, ikajaribiwa kwa watoto 894 wa Kilifi na wa Korogwe kule Tanzania, nayo ilionyesha nguvu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni likapendekeza itumiwe kwa watoto wa Afrika. Watafiti hawa walitaka kitu kizito kuliko shilingi 2,000: walitaka damu ya mtoto. Na wakazi hawakuwapokea kimya kimya. Maneno ya watu wanyonya damu yalienea, kama yanavyoenea popote pwani mtu mgeni anapokuja na sindano. Kwa hivyo ikawabidi waeleze. Karatasi za idhini zikaandikwa kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, zikasomwa kwa sauti mbele ya mzazi, mzazi akapewa nafasi ya kuuliza na kukataa. Wenyeji wakachaguliwa kuwa wajumbe kati ya kijiji na watafiti. Hata hivyo watafiti wenyewe wameandika kwamba watu wengi hawakuelewa kila kitu, na kwamba kazi ya kueleza haina mwisho. Lakini walijaribu, kwa kuwa sheria na maadili ya kazi yao yaliwalazimisha.

Basi pale pale Junju, anayetaka tone la damu ya mtoto huja na Kigiriama, hukaa chini, husoma, hungoja swali. Anayetaka kuifunga nyumba kwa deni huja na picha ya mama anayecheka.

Sheria si kwamba haipo. Kifungu cha 46 cha katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidika na bidhaa au huduma, na kinataka matangazo yawe ya haki na ya ukweli. Tangu mwaka 2022 wakopeshaji wa mitandaoni wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Habari ambayo mtu hawezi kuisoma ni habari gani? Hilo ni swali la mawakili, na kwa sababu wao ndio waliopewa ukurasa wa nyuma, nawaachia.

Sisi tulio Waislamu tuna jambo la kwetu zaidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani Tukufu, ya 282 katika Suratul Baqara, inazungumzia deni. Inaamrisha liandikwe. Na angalia ni nani anayeambiwa asome maneno ili mwandishi ayaandike: si mwenye pesa, bali yule mwenye kudaiwa. Yeye ndiye anayetamka, kwa kinywa chake, kile anachokiri kudaiwa. Na akiwa hawezi kutamka, msimamizi wake amtamkie kwa uadilifu. Nimeisikia aya hii ikisomwa tangu utotoni na sikuwahi kuwaza maana yake kwa kazi yangu. Deni linaloanza katika kinywa cha mdaiwa haliwezi kuwa kwa lugha asiyoijua.

Nirudi mbele ya duka. Niliugeuza ukurasa, nikavaa miwani, nikaanza kumsomea bibi masharti, Kiingereza nikikitia katika Kiswahili papo kwa papo, na mjukuu wake akikitia Kiswahili changu katika Kichonyi kila nilipoona uso wa bibi umeganda. Ukurasa mmoja ulituchukua hata jua likashuka kwenye minazi. Watu wakaongezeka. Mwenye duka akaja na kibao chake akaketi, naye pia alikuwa na deni. Kijana wa bodaboda akazima pikipiki. Tulipofika penye ada, nikalisema neno lile kama nilivyozoea. Mjukuu hakulifasiri, kwa sababu bibi alilielewa mwenyewe.

"Ada?" akauliza. "Na hii arusi ni ya nani?"

Watu wakacheka sana, nami nikacheka nao. Nilichelewa matatu ya mwisho, nikalala kwa shangazi.

Nilimweleza bibi kwamba ukurasa wa mbele ni kazi yangu, na kwamba "mwezi mmoja" nililiandika mimi pale ambapo Kiingereza kilisema siku 30. Hakunijibu kwa hasira. Aliikunja karatasi mara nne kama ilivyokuwa, akaifunga kwenye pindo la leso, akaniambia nikifika Mombasa niwaambie wenyewe kuwa alileta pesa tarehe 30, na kwamba siku hiyo ajenti alikuwepo na alimwona.

Wiki mbili baadaye kampuni ile ile ikaniletea karatasi mpya, kurasa mbili kama kawaida. Niliwapelekea kurasa zote mbili zikiwa zimefasiriwa, na ya nyuma sikuitia katika bei. Pale penye siku 30 niliandika siku 30. Pale penye malipo ya mkopo niliandika riba. Prufu ilirudi Jumatatu. Ukurasa wa nyuma ni wa Kiingereza, na katika ukurasa wa mbele mtu ameifuta riba kwa kalamu nyekundu akaandika juu yake, kwa mwandiko mzuri, ada. Siku 30 wameniachia.